Mtoto Asiyesumbua

Hakuna sehemu ya mwili wa mtoto inayohubiriwa kama ufizi. Macho yakiuma, watu watatafuta dawa ya macho. Mguu ukivimba, watauliza ameangukia wapi. Ufizi una wafasiri wake. Meno ya juu yakitangulia ya chini, ni habari ya ukoo mzima. Mwenzangu chuoni, mtu wa Tanga, alinisimulia kwamba mabibi zake walimwita mtoto wa namna hiyo kigego, na kwamba zamani kigego alihesabiwa mkosi, wengine hata hawakuachwa wakue. Meno yakichelewa, mama anaulizwa alikula nini akiwa mjamzito, au alitembea wapi. Na ufizi ukituna pale chonge linapojiandaa kutoka, mtoto akiwa na homa na kuharisha, jirani atasema ana meno ya plastiki, akachimbwe.

Nilikuwa tabibu wa meno huku Rungwe mpaka nilipostaafu, na waliochimbwa niliwapokea mimi. Ufizi umeoza, mtoto hanyonyi, na chini yake hakuna plastiki yoyote, ila kichipukizi cha chonge ambacho kingejitokeza chenyewe kwa wakati wake. Homa ilikuwa malaria. Kuharisha kulitoka kwenye maji. Akina mama wale hawakuwa wakatili hata kidogo. Walikuwa wanataka jibu, na jibu lililofika kwanza ndilo lililopewa kiti.

Mimi ni Mmoravian na mzee wa kanisa, kwa hiyo msomaji mwenye haraka asidhani nimekuja kuicheka imani ya watu. Ninachouliza kimo ndani ya imani yenyewe. Mtoto anapozaliwa na upungufu, ni lini tunaruhusiwa kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu? Naona tunasema mapema mno, na anayefaidika na mapema hiyo si Mungu wala si mtoto.

Mama mmoja aliniletea binti yake aliyekwisha kutimiza miaka miwili, ana meno mawili tu ya chini. Ufizi ulikuwa mwekundu, umejaa, ukiguswa kwa pamba unatoa damu. Ulimi mnene ulikuwa umechukua nafasi yote, mdomo haufungi, mtoto anahema kwa mdomo na ufizi unakauka mchana na usiku. Ufizi uliokauka hivyo hauwezi kuwa mzima hata ukisafishwa namna gani. Nikashika mkono wake, ngozi ni baridi na ina magamba. Kitovu kilikuwa kimetokeza. Nikamuuliza mama jinsi mtoto alivyokuwa siku za mwanzo, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Dokta, huyu hakunisumbua hata siku moja. Halii. Hata kunyonya nilikuwa namwamsha mimi. Kanisani waliniambia nimebarikiwa, nimepata mtoto mpole."

Mtoto mchanga ambaye tezi yake ya shingo haifanyi kazi huwa mpole kweli. Tezi hiyo hutoa homoni inayouambia mwili uende kwa kasi gani: moyo, utumbo, mifupa, meno, na zaidi ya vyote ubongo unaojengwa. Homoni ikipungua kila kitu kinachelewa. Choo kinakuwa kigumu, manjano ya siku za mwanzo hayaishi, sauti inakwaruza, meno hayatoki. Na mtoto analala. Upole ule uliosifiwa kanisani ulikuwa dalili, na hapakuwa na mtu wa kuisoma.

Bibi wa upande wa baba alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Yeye alikwisha kusoma kwa namna yake: ng'ombe wa mahari hawakwisha kulipwa, wazee wa upande wa mama wananung'unika, na manung'uniko ya wazee kwetu Wanyakyusa si maneno ya kupita, yanaweza kumkalia mtoto. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo amemkosea nini Mungu. Lilikuwa limeulizwa kwenye kiti cha meno, lakini halikuwa swali la meno.

Nikaandika rufaa aende Mbeya apimwe damu. Tezi yake haikuumbika sawasawa tangu tumboni. Hali hii hutokea duniani kote, kwa matajiri na maskini, kwa mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 hivi. Akaanzishiwa vidonge vya homoni, kimoja kila siku, maisha yake yote. Ngozi ikalainika, choo kikaja, meno yakaanza kupasua ufizi moja baada ya jingine, ufizi wenyewe ukatulia baada ya kufundishwa kupiga mswaki. Akili haikurudi yote. Ubongo una msimu wake, na ule wa kwanza ulikuwa umepita. Angepewa kidonge kilekile ndani ya wiki mbili za kwanza angeweza kusoma na wenzake. Nchi zenye uwezo zimekuwa zikichoma kisigino cha kila mtoto mchanga tangu miaka ya 1970, tone la damu kwenye karatasi, na jibu linapatikana kabla dalili moja haijaonekana.

Kwa hiyo kwa nini tezi haikuumbika, sijui, na mama hana kosa. Kwa nini mtoto alikaa miaka miwili bila kidonge cha bei ndogo, hilo najua, na ni swali la bajeti. Maswali haya mawili tumezoea kuyafunga kamba moja.

Lakini huku milimani ugonjwa huu una chanzo cha pili, na hicho hakisingiziwi bahati. Tezi hutengeneza homoni yake kwa madini joto, yale ambayo Mfaransa Courtois aliyapata mwaka 1811 kwenye majivu ya magugu ya bahari. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Nimepiga hesabu: mtu akiishi miaka 70, jumla yake haifiki gramu 4, kitu kisichojaza hata kijiko kidogo cha chai. Mvua nyingi za milimani, hizi tunazojivunia kwa ajili ya chai na ndizi, zimeyaosha madini hayo kwenye udongo kwa miaka isiyohesabika na kuyapeleka baharini. Kinachoota hapa hakina, ng'ombe anayekula hapa hana, mama anayekunywa maziwa yake hana. Chumvi ya wazee wetu haikuokoa mtu. Huku ilitoka Ivuna, kwenye chemchemi karibu na Ziwa Rukwa, ambako watu wamechemsha chumvi kwa karne nyingi; ilikuwa na ladha nzuri, madini joto haina ya kutosha. Hata chumvi ya bahari yenyewe inayo kidogo sana ikishakauka.

Ndiyo maana katika utoto wangu rovu lilikuwa jambo la kawaida shingoni mwa wanawake. Walilifunika kwa kitenge wakienda sokoni. Tezi inayokosa madini joto hutanuka ikijaribu kunasa kidogo kinachopita. Nchi nzima, katika miaka ya 1980, karibu robo ya watoto wa shule walikuwa na uvimbe huo, na nyanda za juu kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Uvimbe wa shingo unaonekana, kwa hiyo unazungumzwa. Kisichoonekana ni kile kinachompata mtoto aliye tumboni mwa mwanamke mwenye uhaba huo: anaweza kuzaliwa kiziwi, miguu imekakamaa, akili imezimika nusu, au, na hawa ndio wengi, anazaliwa mzima kwa macho lakini ni mzito kidogo kuliko vile ambavyo angekuwa. Nani atamjua huyo wa mwisho? Hana wa kulinganishwa naye ila yeye mwenyewe ambaye hakuzaliwa.

Serikali ikaleta vidonge vya mafuta yenye madini joto kwa wilaya 27 zilizokuwa hatarini, na katikati ya miaka ya 1990 ikataka kwa sheria kwamba chumvi ya kula iwekwe madini hayo. Ilipofika 2004 uvimbe kwa watoto wa shule ulikuwa umeshuka hadi asilimia 7 hivi. Nilishiriki kupima mashuleni. Mwanafunzi analeta chumvi ya kwao ndani ya kikaratasi, unadondoshea tone la kipimo, yenye madini joto inageuka zambarau, isiyo nayo inabaki nyeupe. Watoto walipiga makofi rangi ilipotokea. Yule ambaye chumvi yake ilibaki nyeupe alitazamwa na wenzake kana kwamba ameiba. Nilimtetea, nikaeleza kwamba chumvi ya mawe ikikaa wazi kwenye gunia juani, au mama akiiosha kabla ya kupika, madini hupotea. Haikusaidia sana. Hata kwa tone la kipimo watu hutafuta mwenye dhambi.

Swali la yule mama ni la zamani. Katika sura ya tisa ya Yohana wanafunzi walilileta kwa Bwana wao mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu: kosa ni la huyu, au la wazazi wake? Wahubiri wetu hupenda kutaja jibu, kwamba si lake wala si lao, halafu wanakimbilia kwenye utukufu wa Mungu na kumaliza kwa wimbo. Mimi huvutwa na kinachofuata. Alitema mate chini, akafanya tope, akashika kazi. Hakukaa kufafanua. Na ilikuwa Sabato, ndiyo maana wenye sheria wakakasirika: kwao kumponya mtu siku isiyo yake kulikuwa kosa zaidi kuliko kumwacha kipofu hadi kesho.

Ninatenganisha sababu na maana. Sababu ni kwa nini tezi haikufanya kazi. Maana ni kwa nini mtoto huyu, kwangu mimi, mwaka huu. Tunapenda kuanza na maana kwa kuwa haitudai kitu. Ukisema ni mapenzi ya Mungu, hakuna atakayekuletea ankara. Ukisema ni uhaba wa madini joto, mara moja wanatokea wadaiwa: mwenye kiwanda cha chumvi anayepunja, mkaguzi anayepokea bahasha, diwani, mzee wa kanisa ambaye darasa lake la wachumba lina mahari na harusi lakini halina neno moja juu ya chakula cha mjamzito. Kwa vizazi na vizazi tuliambiwa rovu na bubu wa kijijini ni mapenzi ya Mungu. Basi Mungu alibadili mapenzi yake katikati ya miaka ya 1990, sheria ya chumvi ilipopita?

Rafiki yangu muuguzi, Mwislamu wa Pemba, hapendi nikiliweka hivyo. Kwake ugonjwa umekadiriwa na chumvi nayo imekadiriwa; anayeacha kuinunua asijifiche nyuma ya kadari, maana kadari ilimwekea pakiti dukani. Nimeona ana hoja kuliko wahubiri wetu wengi. Na anasema akiwa anajua: sisi wa bara tulidhani aliyezungukwa na bahari na anayekula samaki hana shida hii, kumbe watafiti walipopima wanafunzi Unguja na Pemba waliukuta uhaba uleule, Pemba ukiwa mkali zaidi.

Kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, kinanisumbua hata zaidi. Madaktari wa Kibelgiji waliokwenda huko miaka ya 1960 walikuta madini joto ni haba kisiwa kizima, lakini marovu yamejaa kaskazini na ni machache upande wa kusini magharibi. Tofauti ilikuwa muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha mwilini sumu inayoizuia tezi kunasa hata kile kidogo kilichopo, na kaskazini waliutegemea zaidi. Ziwa moja, mvua moja, Mungu mmoja. Ambaye angehubiri juu ya dhambi za kaskazini angepata mifano ya kutosha, kila kijiji kina dhambi zake.

Sisi Wamoravian tuna jamaa katika jambo hili. Wamisionari wetu wa kwanza walifika Rungwe mwaka 1891. Wakati huo huko Bern, Uswisi, mpasuaji Theodor Kocher, naye mtu wa Kanisa la Moravian, alikuwa mashuhuri kwa kukata marovu. Uswisi ya milima ilikuwa kama huku. Mwaka 1874 alimtoa msichana wa miaka 11 tezi nzima. Kidonda kilipona vizuri, lakini binti hakukua tena. Alizubaa, akanenepa uso, na mdogo wake akampita kimo. Kocher alipodokezwa na madaktari wenzake hakusema ni mapenzi ya Mungu, ingawa alikuwa mcha Mungu na alimshukuru Mungu kwa mafanikio yake. Aliwaita wagonjwa wake wa nyuma, mmoja mmoja, akawatazama usoni. Karibu wote aliowatoa tezi nzima walikuwa katika hali ile. Mwaka 1883 alisimama mbele ya wapasuaji wenzake akalisema hadharani, na akaacha kutoa tezi nzima kwa rovu la kawaida. Tuzo ya Nobel ya 1909 alipewa kwa kazi yake juu ya tezi hiyo. Ningependa wachungaji wetu wamtaje mimbarini, si kwa ajili ya tuzo, kwa ajili ya kule kuwaita wagonjwa wake.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Nilisoma darasa moja na watoto ambao leo ningewatambua wakiwa bado mlangoni: shingo imejaa, mwendo wa taratibu, hesabu ya jana imesahaulika leo. Mwalimu aliwachapa. Tuliambiwa wavivu. Sisi tuliofaulu tuliombewa kanisani na kusomewa mfano wa talanta, na tulitoka tukiamini tumezalisha kwa bidii yetu. Hakuna aliyetuonyesha kwamba katika mfano ule bwana aligawa tano, mbili na moja kabla mtumishi yeyote hajanyanyua jembe. Mama yangu alikuwa na shangazi Tanga aliyetuletea dagaa na samaki wakavu kila mwaka. Huenda cheti changu kilianzia kwenye kapu lile. Sina njia ya kupima, ila tangu nilipoielewa tezi siwezi kumsikiliza mtu akisema fulani ana akili kwa kuwa Mungu anampenda.

Na katika ushirika mmoja ambao sitautaja yupo mwanamume wa makamo aliyezaliwa kabla ya vile vidonge kufika. Hasikii, anatembea amekakamaa, maneno yake ni machache na dada yake ndiye anayeyafahamu. Kwake chumvi ya leo haibadilishi kitu. Kila Jumapili yupo benchi la mbele upande wa wanaume. Alibatizwa utotoni, kipaimara hakupata kwa sababu hakuweza kujibu maswali ya katekisimu, na bila kipaimara hakaribishwi Meza ya Bwana. Wengine wanainuka, yeye anabaki.

Nilipopata nafasi ya kuchangia kwenye baraza la wazee nilisema kwamba kama meza ni ya wanaoelewa, basi ni meza ya wale ambao mama zao walipata madini joto, na tuliandike hivyo mlangoni. Mzee mmoja akajibu kwamba mtume Paulo anataka mtu ajihoji kabla ya kula. Nikauliza ni nani kati yetu aliyejihoji Jumapili iliyopita mpaka akamaliza. Wakacheka kidogo. Ndipo mwalimu mstaafu, mtu mwenye akili na asiyependa kuwapendeza watu, akanigeukia. "Mama, kama kuelewa kwake kumezuiwa na tezi, basi kuelewa kwako kumetolewa na tezi. Imani yako nayo ni chumvi?"

Hilo ndilo swali zito kuliko yote niliyowahi kuulizwa kanisani. Nilimjibu kwamba ndiyo, imani yangu inakaa juu ya ubongo, ubongo ulijengwa kwa homoni, na homoni kwa kitu kinachouzwa dukani kwa pakiti. Na kwamba anayesimulia kila mwaka jinsi Mungu alivyomfanya mtu kwa udongo hana sababu ya kuona aibu nikitaja chumvi. Akasema basi tumebakiwa na neema tupu. Nikamwambia tulikuwa nayo tangu mwanzo, ila tuliitolea mtihani. Hakukubali. Alisema kanisa lisilouliza mtu lolote litaishia kugawa mkate kama pipi, na hapo hakuwa amekosea kabisa, maana nimeona sherehe nyingi za namna hiyo.

Mchungaji alisema jambo hili lina uzito kuliko ushirika mmoja, litaandikwa kwenda wilayani na kutoka huko jimboni. Nilipendekeza mambo mawili. La kwanza, darasa la wachumba na la wajawazito lifundishwe habari ya chumvi: ya pakiti iliyoandikwa, itunzwe kwenye chombo chenye mfuniko, itiwe chakula kikikaribia kuiva, na mama aambiwe asishangilie upole wa mtoto asiyeamka kunyonya, ampeleke zahanati. Hilo lilipita bila mjadala. La pili, mwanamume mwenyewe aulizwe anataka nini, dada yake awe mkalimani, maana katika mazungumzo yote ya saa ile hakuna aliyekuwa amemuuliza. Katibu akaliandika kwenye muhtasari chini ya mengineyo, nikaomba aliondoe hapo alipe namba yake. Akalipa. Kikao kijacho ni baada ya kuvuna mahindi.